Muhogo wa ng'ambo ya njia: nilichowafanyia watu walionikaribisha Ngumbo

Wakuu, nawasalimu. Walionizidi umri, shikamooni.

Humu mimi ni msomaji tu. Nasoma nyuzi za watu kwa simu ya kaka yangu, sijawahi kuchangia hata mstari. Leo nimemwomba simu nikae nayo mchana mzima, nimejifungia ndani na daftari langu pembeni. Ninachoandika ni kweli, kingine nakinakili kama nilivyokiandika siku yenyewe. Majina tu ndo nimebadili.

Kuna uzi ulipita hapa juzi, watu wanataja vyakula vya ajabu walivyokutana navyo ugenini. Mlicheka sana. Na mimi nikataka kuchangia. Nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mwisho nikaona yangu haikai kwenye uzi wa kuchekesha.

Basi iko hivi.

Mimi ni Mmatengo, kwetu ni Namswea huku Mbinga. Ni milimani, kahawa, mahindi, maharage kwenye ngolo, yale mashimo tunayochimba kwenye mteremko. Tunakula ugali wa mahindi na maharage, mboga za majani, asubuhi kande au viazi.

Muhogo kwetu ni kitu cha kupoza mdomo tu. Mama ana mashina machache nyuma ya jiko. Ukisikia njaa unang'oa, unafukia kwenye majivu ya moto, unakula. Mihogo yetu ni mitamu yote. Mpaka nafika kidato cha tatu sikujua kama duniani kuna mwingine.

Mimi ni mtu wa aibu. Sio aibu ya kawaida, wakuu. Nikisimamishwa darasani kujibu swali, jibu ninalo ila mdomo haufunguki. Bwenini waliniita Bubu. Nikazoea, nikawa naandika kwenye daftari yale ambayo wengine wanayasema.

Redempta ndo alikuwa mdomo wangu.

Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Yeye ni Mnyasa wa Ngumbo, kule Ziwa Nyasa. Nikiumwa, yeye ndo anaenda kwa matroni: "Matroni, Bubu tumbo linamkata." Kwenye foleni ya chakula nikirukwa, ananisemea. Hakuwahi kunicheka. Alikuwa anasema, "Huyu ana maneno mengi kuliko nyie wote, ila anayaweka benki."

Vyakula vya kwao nilianza kuvijua kupitia kopo lake. Kila akitoka likizo alikuja na kopo la dagaa nyasa waliokaangwa mpaka wanavunjika kama chipsi, na pilipili kichaa iliyosagwa na chumvi. Mara ya kwanza nililamba ncha ya kidole tu, machozi yakanitoka. Wiki ya pili nikawa ndo mimi ninayeuliza, "Rede, kopo limebaki?"

Likizo ya mwezi wa sita akasema twende kwetu.

Nyumbani haikuwa rahisi, kahawa ndo ilikuwa inaanza kuiva na mikono inahitajika. Lakini mama alimwambia baba, "Mwache aende. Huyu mtoto hana rafiki mwingine." Niliyasikia hayo nikiwa nje. Niliyaandika.

Tukashuka mpaka Mbamba Bay, tukapata gari la mizigo linalopanda kaskazini kupita Liuli. Ziwa lilipoonekana nilinyamaza. Rede akasema, "Leo umenyamaza kwa sababu."

Kwao walikuwa hivi: baba yake mvuvi, bibi yake mzaa baba, mama Zaka, na Zaka mwenyewe ambaye alikuwa na miaka minne. Mama Zaka ni mama wa kambo wa Rede. Mama yake mzazi alifariki Rede akiwa darasa la tano.

Rede alishaniambia mambo ya mama Zaka. Hakuwa anampiga wala kumnyima chakula. Ila kila siku ilikuwa, huyu msichana mkubwa anakaa shule ya nini wakati wenzake wako nyumbani wanasaidia. Baba yake ndo alikuwa amesimama katikati. Rede alisema, "Mimi pale naishi kama yai kwenye kijiko." Tulicheka. Sikujua uzito wake.

Sasa chakula.

Siku ya kwanza ililetwa ugali wa muhogo. Wakuu wa pwani na Mtwara mtanicheka, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuuona. Una rangi kama ya udongo mweupe, unanata, unavutika. Una harufu ya uchachu kwa mbali. Nilitafuna tonge mpaka taya zikachoka. Bibi akaniangalia akasema, "Mjukuu wangu, huo hautafunwi. Unamezwa, safari njema." Nyumba nzima ikacheka.

Halafu bibi akauliza, "Umeshiba?" Nikasema ndiyo bibi, kwa aibu tu. Wakaondoa sahani papo hapo! Nikalala na njaa. Rede akaniambia ukweli kesho yake: kwao mgeni anaulizwa mara moja. Kumuuliza mara ya pili ni kumwambia hukumwamini.

Nikajifunza. Kesho yake bibi alipouliza nikasema, "Bado bibi." Akapiga makofi.

Siku ya pili nikaona moshi mkubwa umesimama katikati ya ziwa, mweusi, unatembea. Nikamshika Rede mkono, "Kuna mashua inaungua!" Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni wadudu. Wanaitwa kungu, wadogo kama mbu, wanatoka majini kwa mamilioni. Upepo ukiwaleta nchi kavu watu wanawakamata kwa vikapu na vyungu vilivyoloweshwa, wanawafinyanga kama mkate, wanakausha.

Bibi alikuwa nao aliowakausha. Kitu cheusi, kizito. Akanipikia na nyanya na karanga.

Nilionja vumbi, nikaonja samaki, halafu nikaonja kitu kingine ambacho sina jina lake. Koo lilitaka kurudisha. Macho yote kwangu. Nikameza, nikasema, "Kitamu."

Zaka akauliza kwa sauti, "Dada, kweli kwenu mnakula panya?"

Bibi akamkaripia. Mimi nikajibu, sijui nguvu nilitoa wapi, "Panya wa shambani. Sio wa nyumbani."

"Ana mkia?"

"Mkia tunakuachia wewe."

Hiyo ndo siku niliyopendwa kule. Zaka akawa hanitoki. Anakuja asubuhi na mapema anasimama mlangoni, "Dada wa panya umeamka?"

Nilikula mbasa, samaki wa kule ziwani, aliyechemshwa na embe changa. Nikala kisamvu kilichopondwa na karanga na kutiwa maji ya majivu yaliyochujwa, kina ladha kama ya magadi, ulimi unashtuka kidogo. Kila kitu kilikuwa na kona yake ngeni mdomoni: uchachu, uchungu, moshi, magadi. Usiku wa siku ya nne niliandika hivi kwenye daftari, nanakili: "Nimejifunza kutokunja uso. Ukivumilia mara tatu, ya nne unapenda. Kosa ni la ulimi, sio la chakula."

Niliiona hiyo sentensi ni ya mtu mwenye akili.

Naeleza kidogo hapa kwa ambao hawajui, kama mimi nilivyokuwa.

Kule ziwani kuna mihogo ya aina mbili. Kuna mitamu, wanaipanda michache karibu na nyumba, ya watoto kutafuna. Na kuna michungu, hiyo ndo shamba lenyewe. Wanaipenda kwa sababu nguruwe pori na nyani hawaigusi. Lakini mtu haili hivihivi. Inamenywa, inalowekwa siku kadhaa mpaka inalainika, inaanikwa juu ya miamba mikubwa ya ufukweni, ndo inatwangwa unga. Ukiila bila hiyo kazi ni sumu.

Mtoto yeyote wa kule anajua. Hakuna anayeambiwa, kama ambavyo kwetu hakuna anayeambiwa moto unaunguza. Ndo maana hakuna aliyeniambia mimi.

Niliiona inaanikwa kwenye miamba kila siku. Nilijua ni kazi ya kupata unga tu. Sikuuliza. Kuuliza kunahitaji mdomo.

Siku ya sita.

Baba alikuwa ziwani tangu jana yake. Mama Zaka alienda msibani kijiji cha pili. Bibi alienda jumuiya. Rede akasema anakwenda kwenye miamba kuanua mihogo, akitoka huko ataoga, twende. Kule wanawake wanaoga pamoja ziwani, upande wao. Mimi kuvua nguo mbele ya watu siwezi. Nikasema kichwa kinaniuma, nitabaki na Zaka.

"Basi msiunguze nyumba," Rede akasema, akaweka kikapu kichwani akaondoka.

Zaka akasema njaa. Kiporo hakikuwepo. Na mimi nilikuwa na jambo moyoni: siku sita nakula kwa watu sijashika hata ufagio. Kila nikinyanyuka wananikalisha. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, mimi siku ya sita bado nakaa kwenye kiti kama padri. Nikaona hii ndo nafasi. Warudi wakute nimefanya kitu.

Nyuma ya jiko mihogo ilikuwa imeisha, yamebaki mashimo. Ng'ambo ya njia kulikuwa na shamba zima, mashina manene, limenawiri. Nikashangaa watu wanaacha mihogo mizuri vile wakati mtoto analia. Nikang'oa shina moja. Likatoka na mihogo minene kama mkono wa mtu mzima.

Nikafukia mmoja kwenye majivu kama kwetu. Ukaiva. Nikamenya.

Nikaonja mimi kwanza. Ulikuwa mchungu.

Wakuu, hapa ndo mahali ambapo mpaka leo nashindwa kulala. Ulimi wangu uliniambia. Kwetu ningetema. Mtoto wa miezi minane angetema. Lakini mimi siku sita nilikuwa naufundisha ulimi wangu kunyamaza. Nikajisemea, ndo ladha ya huku. Kama kungu, kama yale maji ya majivu. Nikameza.

Zaka aliuma kipande akakunja uso. "Dada, chungu."

Nikaleta chumvi na ile pilipili ya Rede. Nikachovya. Nikamwambia, "Mbona mimi dada wa panya nakula? Wewe mwanaume unashindwa?"

Akala. Alikula ili anifurahishe. Akamaliza kipande, nikampa kingine.

Mimi nilikula kidogo kwa sababu nilitaka Rede naye akute.

Haikupita muda mrefu nikaanza kusikia kizunguzungu. Zaka akatapika. Nikamfuta. Akatapika tena. Halafu akakaa chini ghafla kama miguu imekatika, akaanza kuhema haraka haraka, akawa haniangalii hata nikimwita.

Rede akatokea na kikapu kichwani. Akamwona mtoto, akaona maganda pale jikoni, akaona lile shina. Kikapu kilianguka.

"Umeung'oa wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Hata hapo sikusema.

Hakunigombeza. Alimbeba Zaka mgongoni akakimbia mpaka barabarani, mimi nyuma yake. Tukapata boda, tukapanda wote mpaka zahanati. Nesi akauliza haraka, "Amekula nini? Semeni!"

Mimi nilikuwa nimeshika mlango. Mdomo umefungwa, vilevile kama darasani.

Rede akasema, "Muhogo mchungu, wa kuchoma. Nimempa mimi."

Nesi akamtazama. "Wewe? Mtoto wa ziwani?" Akaguna, akamchukua mtoto ndani. Hakukuwa na muda wa maneno zaidi.

Zaka alipona, niwatoe wasiwasi. Ilikuwa mpaka jioni ndo akafungua macho akaomba maji. Mimi nilitapika nyuma ya choo cha zahanati nikapata nafuu, hakuna aliyejua.

Lakini mama Zaka alipofika kutoka msibani alikuwa ameshaambiwa njiani. Alikuja mbio, kanga imemdondoka, akamwangalia mwanaye kitandani na sindano ya dripu mkononi. Kisha akamgeukia Rede. Hakupiga kelele. Alisema polepole, kila mtu pale akasikia:

"Umeona kupata mdogo wako ni kosa. Hebu sema, nilikukosea nini mpaka umuue?"

Rede akapiga magoti. "Mama, sikujua."

"Hukujua? Mnyasa gani hajui muhogo?"

Na hapo ndo penyewe. Mimi ningeaminiwa. Mmatengo, mtoto wa milimani, hajui. Wangelia, wangenisonya, wangenisamehe. Rede hakuwa na pa kujifichia. Msichana wa ziwani kumpa mtoto muhogo ule sio kosa la kutojua. Kwao hiyo ina jina moja tu.

Asubuhi baba akarudi kutoka ziwani. Wakakaa ndani: yeye, bibi, mama Zaka. Tukaitwa.

Baba ni mtu mpole, mikono mikubwa imepasuka kwa nyavu. Akamuuliza Rede, "Ni wewe?"

Rede akaangalia chini. Akasema, "Nimeshasema zahanati, baba."

 Baba akanigeukia mimi. Akasema kwa adabu kabisa, kama anaongea na mtu mzima, "Na wewe mwanangu, mgeni wetu. Ulikuwepo nyumbani. Uliona nini?"

Rede akainua uso akaniangalia.

Nilikuwa na maneno. Yote. Yalikuwa yamepangana mpaka kwenye meno. Nikasema:

"Sikuona, baba. Nilikuwa nimelala. Kichwa kilikuwa kinaniuma."

Hayo ndo maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu mzima katika nyumba ile. Na yalikuwa ya uongo.

Baba akasema, "Haya." Hakuuliza mara ya pili.

Bibi alikuwa anaangalia mikono yake.

Niliondoka siku iliyofuata. Mama Zaka hakuwepo, alikuwa zahanati. Bibi alinifungia dagaa mfuko mzima na unga wa muhogo. Rede alinisindikiza mpaka barabarani, amebeba mfuko wangu.  Gari lilipokuja akasema tu, "Salimia mama."

Nyumbani wale dagaa walisifiwa sana. Baba alisema, "Hao watu wa ziwani wana roho nzuri." Mimi nilisema nimeshiba.

Shule ilipofunguliwa kitanda cha juu kilikuwa kitupu. Wiki ya kwanza nikajua amechelewa usafiri. Wiki ya tatu matroni akaweka mtu mwingine. Msichana mmoja wa Liuli ndo akatuambia: Redempta ametolewa nyumbani. Baba alishindwa kukaa katikati, mke alisema ama mimi na mwanangu ama huyo. Amepelekwa kwa dada ya marehemu mama yake, Mbamba Bay. Shule basi.

Bwenini watu wakauliza kwa nini. Yule wa Liuli akasema, "Eti alitaka kumlisha sumu mtoto wa mama yake wa kambo." Wasichana wakasema mh, kumbe. Mmoja akanigeukia, "Bubu, wewe si ulikuwa huko? Ni kweli?"

Nikapanda kitandani nikajifunika.

Mnaona jinsi jambo hili lilivyo? Hata pale, mbele ya wasichana wenzangu tu, bila baba wala nesi, bado.

Nilimaliza kidato cha nne. Nikaandika barua nyingi kwa Rede, ziko hapa ndani ya daftari, sikutuma hata moja. Baada ya mtihani wa mwisho nikamwambia mama kila kitu. Mama alikuwa anapepeta maharage. Aliacha kupepeta. Akasema, "Kesho unakwenda. Na unakwenda peke yako."

Nikaenda Ngumbo.

Mama Zaka alikuwa anatwanga. Aliniona toka mbali akaendelea kutwanga. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba. Akanipa kiti, akanipa maji. Zaka akapita mbio na mpira wa makaratasi, ameota miguu mirefu. Hakunikumbuka.

Sikukaa kwenye kiti. Nilipiga magoti pale penye unga nikasema. Nilisema yote, tangu kuonja mpaka chumvi mpaka kulala. Sauti ilikuwa inatetemeka lakini ilitoka.

Mama Zaka akasimamisha mchi. Akasema:

"Najua."

Nikadhani sikusikia.

"Zaka alisema jioni ile ile, alipoamka. 'Dada wa panya kanipa, nikamwambia chungu, akatia chumvi.' Nikamwambia baba yake. Baba yake akasema mtoto wa miaka minne husema lolote, na ametoka kwenye homa. Tumuulize mkubwa. Ndo maana alikuuliza wewe."

Nikabaki nimepiga magoti.

"Ukasema umelala," akasema. "Sasa sisi tufanyeje? Tumwambie mgeni wetu, binti wa watu, wewe ni mwongo? Na Redempta mwenyewe amekubali."

Akauegemeza mchi kwenye kinu. Kisha akasema neno ambalo nalo nililiandika nikiwa bado kwenye gari:

"Mimi sikukuamini. Lakini nilikuwa namtaka atoke, nawe ulinifungulia mlango. Nikapita. Kwa hiyo usilie hapa kwangu, sisi wawili tuko sawa. Nenda ukalie kwake."

Nikaenda Mbamba Bay.

Nilimkuta Rede ufukweni kwenye chanja za kuanikia dagaa, na wanawake wengine. Amenenepa kidogo, mikono imepasuka kama ya baba yake. Aliniona. Aliendelea kugeuza dagaa kwa fagio. Nikasimama upande wa pili wa chanja, nikasema tena yote, wanawake wale wanasikia.

Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Kumbe unaweza kuongea."

Nikasema, "Rede, ulinisemea zahanati. Mimi nikajua unataka nikae kimya."

Hapo ndo akaacha fagio.

"Zahanati nilisema mimi kwa sababu mtoto anakufa na wewe umeshika mlango. Ningesubiri uongee? Nilisema ili tuwahi." Akavuta pumzi. "Baba alipokuuliza, nilijua utasema. Mimi sikukataa kwa sababu nilijua utasema. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Mwanamke mmoja pale akasema taratibu, "Jamani."

Rede akaniuliza, "Mtihani umeisha?"

"Umeisha."

"Hongera," akasema. Akachukua fagio, akaenda chanja ya mwisho kule.

Nilisimama mpaka jua likaanza kuchoma. Hakurudi.

Wakuu, fundisho nililopata nitalisema kwa kifupi, maana najua wengi mtaruka mpaka chini.

Ukienda kwa watu, kula vyao, jifunze vyao, ni jambo zuri na sijutii hata tonge moja nililopewa na bibi yule. Lakini usiuzibe ulimi wako kwa ajili ya heshima. Ukionja kitu hukijui, uliza, hata kama utaonekana mshamba. Swali langu moja la kijinga lingetosha.

Na kwa wenzangu wenye aibu: tunajisifu kwamba sisi ni wapole, hatuna makosa na mtu. Sio kweli. Kukaa kimya nako kunafanya kazi, na kunaweza kumfukuza mtu nyumbani kwao.

Sasa ninachoomba. Rede aliishia kidato cha tatu, muhula wa kwanza. Nimesikia kuna njia ya kusoma nje ya mfumo na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anayejua utaratibu wake, anaanzia wapi, anahitaji nini, anielekeze hapa hapa. Vitabu vyangu vyote vipo, na madaftari nimeandika vizuri. Sijui kama atavipokea kutoka kwangu. Kama kuna mtu aliwahi kukosewa kiasi hiki, aniambie kwa ukweli: ungevipokea? Au nimpe mtu mwingine ampelekee, asijue vimetoka kwa nani?

Wa kunitukana pia karibuni. Kaka anataka simu yake jioni, ila nimemwomba tena kesho. Nitasoma kila mtakachoandika, na safari hii nitajibu.